Walimu wa Fizi wanaandika, nani anahifadhi?

Kuna mwalimu wa shule ya msingi mjini Baraka ambaye ameandika kuhusu elimu kwa zaidi ya miaka kumi. Simtaji jina, na sababu nitaieleza. Ameandika kuhusu watoto waliorudishwa nyumbani kwa kukosa pesa, madarasa yaliyoezuliwa na upepo, na wenzake wanaofundisha mwaka mzima bila mshahara. Nilipomwomba maandishi yake yote niyasome, alicheka.

"Yote? Mengine yako chini ya ziwa," alisema.

Hakuwa anatania. Simu yake ilitumbukia Ziwa Tanganyika akiwa kwenye boti kutoka Uvira, na humo ndimo alimokuwa ameweka karibu kila kitu. Kabla ya hapo alikuwa akiandika barua kwa mkono na kuzipeleka ofisini bila kubaki na nakala. Kisha akaandika makala fupi za kusomwa redioni. Zikasomwa, karatasi zikaishia huko huko. Baadaye akafungua ukurasa kwenye mtandao wa kijamii. Alipobadilisha laini ya simu na kusahau neno la siri, hakuweza tena kuuingia. Siku hizi anaandika kwenye vikundi vya WhatsApp, ambako andiko la asubuhi hufunikwa na salamu na matangazo ya misiba kabla ya jua kuzama.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa maoni yangu, hii ndiyo hali ya utetezi wa elimu katika wilaya ya Fizi. Hatukosi watu wa kusema. Tunachokosa ni kumbukumbu ya yaliyosemwa, na kwa hiyo kila mwaka tunaanza upya.

Chukua suala la elimu ya bure. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2006 inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni bure. Serikali ilianza kuitekeleza nchi nzima Septemba 2019, miaka 13 baadaye. Kabla ya hapo, tangu mgogoro wa miaka ya 1990, ni wazazi waliobeba shule mgongoni kwa kulipa ile primu ya walimu. Je, familia ya mvuvi wa Mboko au mkulima wa Lulimba ilitoa kiasi gani katika miaka hiyo 13? Ni watoto gani walioacha shule, na kwa nini? Walimu walikuwapo na waliona. Baadhi yao waliandika. Lakini leo ukitaka kusoma walichoandika, utaambiwa umuulize fulani, na fulani naye atakuambia simu iliharibika.

Hasara yake inaonekana pale mzazi anapokwenda kulalamika kwamba anadaiwa pesa kwa jina jipya. Anaulizwa: tangu lini, nani alisema, ushahidi uko wapi? Mwalimu wa N.U., yaani yule anayefundisha bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo ya serikali, anaulizwa maswali hayo hayo. Asiye na maandishi yenye tarehe hubaki na neno lake tu dhidi ya neno la ofisi, na ofisi haishindwi kwa maneno matupu.

Linganisha na mapatano ya Mbudi ya mwaka 2004 kuhusu viwango vya mishahara ya watumishi wa serikali. Zaidi ya miaka 20 imepita na vyama vya wafanyakazi bado vinayataja katika madai yao. Si kwa sababu yalitekelezwa. Ni kwa sababu yaliandikwa na nakala zikatunzwa, hivyo hakuna waziri anayeweza kusema hayakuwahi kuwapo. Ng'ambo ya ziwa, andiko la Mwalimu Nyerere la Elimu ya Kujitegemea, la mwaka 1967, bado linabishaniwa na watu waliozaliwa miaka mingi baada yake. Lilichapishwa na kusambazwa, ndiyo maana mtu anaweza kulikubali au kulipinga. Andiko lililopotea halipati hata mpinzani.

Sisi wa Fizi tulipaswa kulijua hili kuliko wengine. Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha watu wetu kwa maelfu hadi Kigoma. Waliishi Lugufu, na kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2009 wengine wakahamishiwa Nyarugusu. Makambini walimu wa Kikongo waliendelea kufundisha kwa mtaala wa Kongo, jambo ambalo peke yake lingestahili kitabu kizima. Lakini nyuma yao madaftari ya shule yalichomwa au yaliliwa na mchwa. Aliyewahi kutafuta cheti kilichopotea vitani anajua maana ya nchi isiyotunza karatasi.

Wapo watakaosema: siku hizi kuna intaneti, na kilichowekwa mtandaoni hakipotei. Si kweli. GeoCities, iliyokuwa na kurasa za mamilioni ya watu, ilifungwa mwaka 2009. Google+ ilifungwa mwaka 2019. Makundi ya Yahoo, ambayo walimu na vyama vingi duniani viliyatumia kujadiliana, yalizimwa mwaka 2020. Na hapa kwetu, baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Mtandao ni barabara nzuri ya kupitisha habari, lakini barabara si ghala.

Sisi waandishi wa habari pia hatuna pa kujificha. Tunachukua maneno ya walimu, tunapata habari yetu, tunaondoka. Juzi nilitafuta makala niliyoandika miaka ya nyuma kuhusu mgomo wa walimu. Ukurasa haufunguki tena, na mimi mwenyewe sikubaki na nakala. Walimu walionipa muda wao hawana cha kuonyesha, wala mimi sina.

Kuna pingamizi moja nalolichukulia kwa uzito: usalama. Katika wilaya yenye makundi yenye silaha, andiko lenye jina laweza kumletea mtu balaa. Ndiyo sababu simtaji mwalimu wangu. Lakini kuhifadhi si kutangaza. Lipo la kuchapisha leo, na lipo la kuandika leo, kuweka tarehe na kufungia hadi hali itulie. Majina na picha za watoto zisiwekwe hadharani kabisa. Hofu ni sababu ya kuwa mwangalifu, si sababu ya kuacha kuandika.

Pingamizi la pili ni umaskini. Mwalimu anayelipia hata kuchaji simu atapata wapi nafasi ya kutunza kumbukumbu? Jibu ni kwamba kazi hii haihitaji mradi wa dola. Kila andiko liwe na tarehe na mahali. Linakiliwe kwenye daftari, litumwe kwa mtu mmoja anayeishi mji mwingine, na kama limechapishwa kwenye ukurasa wa wazi, nakala yake ihifadhiwe kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, ambayo haitozi pesa. Sehemu tatu zikiwa mbalimbali, moto mmoja au boti moja haimalizi yote. Na liandikwe kwa Kiswahili, au kwa Kibembe, pamoja na Kifaransa cha ofisini, ili mzazi anayetetewa aweze kusoma anavyotetewa.

Ila tusimwachie mwalimu mzigo wote. Taasisi za elimu ya juu zilizopo Baraka zinaweza kutenga kabati moja na kompyuta moja kwa ajili ya maandishi haya. Wanafunzi wanaotafuta mada za kazi zao za mwisho wangepata hapo mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Redio zinaweza kutunza karatasi zinazosomwa hewani badala ya kuzitupa. Vyama vya walimu vinaweza kumteua mtu mmoja, na kazi yake iwe hiyo.

Mwalimu wangu ameshaanza. Amenunua daftari kubwa, na kila Jumapili jioni ananakili aliyoandika wiki hiyo. Pia amewaomba watu wa vikundi vya zamani wamrudishie chochote alichowahi kuwatumia. Machache yamerudi. Mojawapo ni la Septemba 2019, wiki ya kwanza ya elimu ya bure, linaloeleza jinsi darasa lake lilivyofurika hadi watoto wakakaa sakafuni, na yeye hakujua kama afurahi au aogope.

Alikuwa amelisahau kabisa. Lilikuwa limekaa miaka yote hiyo kwenye simu ya mama mmoja muuza samaki, ambaye hakulifuta kwa sababu mwanawe alikuwa ndani ya darasa hilo.