Lugha na Sikio: Mume Si Mfungwa

Askari yeyote aliyepata kufanya mazoezi ya judo, mchezo ulioanzishwa na Kano Jigoro mjini Tokyo mwaka 1882, amekwisha kutamka maneno ya Kijapani pasipo kuingia darasani. Irabu za lugha hiyo ni tano, a, e, i, o, u, nazo hutamkwa karibu sawa na zetu. Wepesi huo ndio mtego. Mwanafunzi hudhani amefika, kumbe yu mlangoni bado.

Mimi mwenyewe nilinaswa. Katika darasa la jioni, baada ya saa za kazi, alitutembelea mama mmoja wa Kijapani ambaye hakuwa mzee hata kidogo. Nilikusudia kumwamkia kwa heshima kama shangazi, yaani "obasan". Ulimi ukavuta irabu, nikasema "obaasan", maana yake bibi kizee. Darasa likacheka, mgeni akatabasamu tu, asijibu neno. Kwetu kuitwa bibi ni heshima. Kwake ilikuwa kuzeeshwa hadharani. Baadaye mwalimu alinieleza kwamba hata "obasan" halimfai mgeni: heri kutaja jina lake la ukoo na kulifuatisha "san".

Kosa la namna hii lisitushangaze. "Kufa" na "kufaa" hutengwa na irabu moja tu, wala hakuna mganga apendaye kuyachanganya anapoisifu dawa yake. Basi na tuyapime maneno haya:

"Shujin" ni mume wangu. "Shuujin" ni mfungwa. Mke asemaye kwamba "shuujin" yuko nyumbani aweza kuwaletea polisi kazi isiyokuwapo.

"Ojisan" ni mjomba au baba mdogo. "Ojiisan" ni babu.

"Byooin" ni hospitali. "Biyooin" ni mahali pa kutengenezea nywele. Anayeuguliwa na mtoto usiku hana nafasi ya kukosea hapo.

"Kite kudasai" ni njoo, tafadhali. "Kitte kudasai" ni kata, tafadhali. Hapa kinachorefuka si irabu bali konsonanti: pumzi huzuiwa kidogo kabla ya t kuachiliwa.

Je, dawa ni nini? Askari anayo tayari, nayo ni gwaride. Wajapani huligawa neno katika vipande vyenye urefu ulio sawa, kama hatua za kwata. Irabu iliyovutwa huongeza hatua moja. N ya mwisho ni hatua kamili. Na kule kuzuia pumzi pia ni hatua, ijapokuwa ya kimya. Hivyo o-ba-sa-n ni hatua nne, o-ba-a-sa-n ni tano. Shu-ji-n ni tatu, shu-u-ji-n ni nne. "Kite" ni mbili, "kitte" ni tatu. Byo-o-i-n ni nne, bi-yo-o-i-n ni tano.

Jioni ya leo simameni uani pamoja na watoto, mtamke kila neno huku mkipiga hatua mahali pamoja. Mmoja aseme, wengine wahesabu. Atakayezidisha hatua au kupunguza, aanze upya. Mguu ukikosea watoto watacheka, na kicheko cha nyumbani ni chepesi kuliko kimya cha mgeni aliyevunjiwa heshima.

Hadi juma lijalo, kwaherini.