Kumtoa Mhesh Kabla ya 2027: Haki Unayo, Barabara Imefungwa

Tuseme wewe ni msee wa Todonyang. Februari 2025 wavuvi walivamiwa hapo kwa ziwa, mpakani na Ethiopia, wengine wakauawa, wengine wakapotea. Tuseme umechoka kungoja usalama na unaona mbunge wako, awe nani, hafanyi kazi. Si lazima ungoje kura ya 2027, ama?

Kwa karatasi, hapana. Katiba, Kifungu 104, inakupa haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla muhula uishe. Lakini sheria ya vile hiyo itafanyika, Katiba ikaachia Bunge iandike. Manze, hiyo ni kumwachia konda aandike sheria ya kurudishia abiria chenji.

Wakaandika, kwa Sheria ya Uchaguzi ya 2011. Huwezi kuanza kabla miezi 24 iishe. Miezi 12 ya mwisho pia huwezi. Kama ulisimama ukaangushwa kwa debe, huruhusiwi kuanzisha. Kwanza upate uamuzi wa Mahakama Kuu, halafu ndio usake sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura waliosajiliwa, na angalau asilimia 15 katika zaidi ya nusu ya wadi. Turkana Kaskazini iko na wadi sita, so lazima ufike nne. Kutoka ziwani hadi Kibish si ile boda ya soo mbili, na hizo njia unajua vile ziko.

2017 Mahakama Kuu ikaangalia hivyo vizuizi ikasema vingine vinaenda kinyume na Katiba, ikavifuta. Poa, sindio? Kazi ya Bunge ilikuwa tu kuandika upya. Miaka ikapita.

Ndio maana Julai 2025 mwenyekiti wa IEBC, Erastus Ethekon, ambaye hata aliwahi kuwa wakili wa kaunti ya Turkana, alisema tume haiwezi kushughulikia ombi la kumtoa mbunge au seneta kwa sababu hakuna sheria ya kuongoza. MCA anaweza kutolewa, yeye ako chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti. Yaani mdogo ndiye anaguswa.

Na kabla ya hapo tume yenyewe haikuwa na makamishna, kutoka mwanzo wa 2023 hadi hiyo Julai. Vijana waliokuwa wakiitisha wabunge watolewe baada ya ule Mswada wa Fedha wa Juni 2024 hawakuwa na hata mtu wa kupelekea karatasi.

Usiniambie ati wabunge wako bize. Mwezi huo huo wa Julai 2025, zaidi ya wabunge 290 walipiga kura kuingiza NG-CDF kwa Katiba. Hiyo ni kubadilisha Katiba yenyewe. Hii ya kuwatoa ni sheria ya kawaida tu, inataka wengi wa walio ukumbini siku hiyo. Mimi siiti hiyo kusahau.

Kuna mlango mmoja bado: Kifungu 119 kinaruhusu mtu yeyote kupeleka ombi Bungeni litunge sheria. Hapo hakuna asilimia 30, sahihi yako moja inatosha, uwe Lodwar, Kakuma ama Todonyang. Noma ni kwamba watakaoisoma ni wale wale.