Mama Analoa, Sisi Tumelala

Amka alfajiri moja, zunguka nyuma ya nyumba. Utakuta kanga zimeanikwa kabla ya jua kuchomoza. Zimefuliwa gizani, zimewekwa upande wa chooni ambako mgeni hapiti. Ni za mama yako. Umeziona mara ngapi? Umewahi kuuliza?

Hujauliza. Hata mimi binti sikumuuliza wangu, miaka nenda rudi.

Lakini tunajua. Bonde zima linajua, kuanzia Kidatu mpaka Mlimba. Mama aliyezoea benchi la mbele kanisani amehamia la mwisho, karibu na mlango, kisha haendi kabisa. Basi la Morogoro hapandi. Chai ya jioni hanywi. Akikohoa, anabana mapaja. Sisi tunatikisa kichwa: uzee huo.

Uzee! Neno hilo limetulaza usingizi wa pono. Kushindwa kuzuia mkojo ni ugonjwa, na una sababu. Kuna kisukari, kuna maambukizi ya njia ya mkojo, kuna kizazi kilichoshuka, kuna dawa za presha zinazoongeza mkojo. Na kama mkojo unamtoka mfululizo usiku na mchana tangu uzazi uliomtesa, hiyo huenda ni fistula, na hospitali ya CCBRT kule Dar es Salaam wanaitibu bila malipo. Nani amempeleka mama akapimwe? Wewe? Lini?

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Hawa walizaa! Walizaa saba, walizaa wanane, na kabla mwili haujarudi walikuwa wameshainama tena kwenye majaruba ya mpunga, wameshajitwika tena ndoo. Misuli iliyolegea leo ndiyo iliyotubeba sisi. Halafu sisi tuliobebwa ndio tunaowafanya wafiche.

Na kuficha kuna gharama. Mama anaacha kunywa maji ili asiloe. Mkojo unakuwa mkali, unachokoza kibofu, anabanwa zaidi. Choo kinakuwa kigumu, nacho kinakandamiza kibofu kilekile. Usiku wa masika anakimbilia choo cha nje, tope limelainika, anateleza. Nyonga inavunjika. Tutawaambia watu aliteleza. Hatutasema alikuwa anakimbilia nini.

Mwaka juzi mama yangu alilazwa, homa ya mapafu. Siku ya kwanza wakamwekea mpira wa mkojo, ule unaoingizwa mpaka kwenye kibofu. "Asihangaike," wakasema. Asihangaike nani? Mama alikuwa na uwezo wa kuketi kwenye beseni akishikwa mkono. Aliyepumzika ni nesi. Aliyepumzika ni mimi, maana sikufua.

Kila siku mpira unapobaki mwilini, hatari ya bakteria kuota kibofuni huongezeka kwa kama asilimia 3 hadi 7. Piga hesabu ya mwezi mzima! Mpira una kazi yake, mkojo ukiziba au baada ya upasuaji. Kutuondolea sisi kufua si kazi yake.

Wanaume wana kondomu ya mkojo tangu zamani: inavalishwa nje, haiingii mwilini. Kwa wanawake ilichelewa, eti maumbile yao ni magumu kufungia kifaa. Sasa kipo. Ni kama utambi laini, umepinda mfano wa ndizi, unakaa katikati ya mapaja. Mota ndogo inavuta mkojo hadi kwenye kopo. Hubadilishwa kila baada ya saa 8 hadi 12, na ngozi lazima ioshwe na kukaguliwa. Kinataka umeme, kwa hiyo hakitamfaa bibi aliyeko dungu la shambani. Lakini wodini umeme upo! Mota za kuvuta makohozi zipo! Kwa nini wodi ya wanawake isiwe nacho? Kwa nini mama alale amelowa au achomekwe mpira, kana kwamba dunia haina njia ya tatu?

Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza anatibiwa bure. Vizuri. Pampasi zake anunuliwe na nani? Mwaka 2018 VAT ilitolewa kwenye taulo za kike, 2019 ikarudi, na tulipopiga kelele tulikuwa tunawatetea wasichana wa shule. Bibi yao hatukumtaja.

Kuna na zoezi lisilo na bei. Abane misuli kama anayezuia mkojo, ahesabu mpaka tano, alegeze. Mara nane, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliliandika mwaka 1948. Mimi nimelijua nikiwa na miaka hamsini, na mama yangu ameshaloa miaka kumi. Nani alinyamaza? Kliniki ilinyamaza, nyumba ilinyamaza, nami nilinyamaza.

Siku ya nne wodini nilimuuliza nesi: mpira huu bado ni wa nini? Akafungua faili, akalisoma, akakaa kimya. Kisha akavaa glovu, akautoa. Jioni mama aliomba beseni. Nikamshika mkono. Alipomaliza aliomba maji ya kunywa, glasi nzima, akaimaliza.