Saa Moja ya Pisa

Kuna ujinga wa bure na kuna ujinga wa kununua. Wa kwanza ni wa mtu aliyekaa kwao, asiyejaaliwa kusafiri, naye hana lawama. Wa pili ni wa mtu aliyeomba viza, akalipa nauli, akavuka bahari, akafika mahali, kisha akarudi akijua kilekile alichokuwa akikijua kabla ya kuondoka, isipokuwa sasa anacho kithibitisho cha picha. Katika miji ya Italia, mji unaofanyiwa ujinga huu wa pili bila ya haya ni Pisa.

Mpango wenyewe unajulikana na kila aliyewahi kufungua kitabu cha mwongozo wa safari. Siku tatu Roma, siku mbili Firenze, siku mbili Venezia. Na Pisa? Pisa hupewa saa moja baina ya treni mbili. Au msafiri hushuka katika meli ya matembezi iliyofunga Livorno, hupakiwa basi, hufikishwa kwenye pembe ya kaskazini ya mji, huonyeshwa uwanja, hunyoosha mikono hewani kama anayezuia mnara usianguke, hupigwa picha, hununua kinara cha plasta, hurudishwa melini. Mto hakuuona. Bahari hakuambiwa kwamba iko karibu. Mtu hakusema naye ila yule aliyemuuzia kinara, na huyo aghalabu naye ni mgeni vilevile.

Mpango wa safari si karatasi ya nyakati za treni tu. Ni hukumu. Anayeandika "Pisa: saa moja" amekwisha kuamua, kabla hajautia mguu mji, kwamba mji huo una kitu kimoja, na kwamba kitu hicho anakijua tayari. Ni kama mfasiri aliyesoma jina la kitabu kwenye jalada akaketi kufasiri. Kazi yake itakwisha upesi, na kila neno lake litakuwa la uongo.

Watetezi wa saa moja wana hoja tatu, na insafu inataka zijibiwe moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba Pisa haina kitu ila mnara. Aisemaye haya na aulizwe: je, juu ya paa la kanisa kuu, hatua chache tu kutoka mnara huohuo, ameona nini? Huko, hadi mwaka 1828, alisimama mnyama wa shaba, nusu tai nusu simba, urefu wake unapita mita moja. Kifuani na ubavuni mwake pamezunguka maandishi ya Kiarabu, kwa khati ya Kikufi, ya kumwombea baraka mwenye mali. Kilichopo juu ya paa leo ni nakala. Mwenyewe amehifadhiwa katika makumbusho ya kanisa hilo, uwanjani hapohapo. Wataalamu wengi wanaelekea kuamini kwamba alifuliwa Andalusia. Kwa karne nyingi, basi, dua ya fundi wa Kiislamu ilikaa juu ya kanisa la Kikristo, wala kanisa halikuanguka.

Na zitazamwe kuta za makanisa ya Pisa ya karne ya 11 na ya 12. Mafundi walipachika ndani yake bakuli na sahani za kauri zenye kung'aa, zilizoletwa na majahazi kutoka Tunisia, Misri, Sisilia na Hispania. Nyingi za asili sasa zimo katika makumbusho ya San Matteo, kando ya mto, na kutani zimebaki nakala. Mtu aliyepata kuona makaburi ya nguzo ya Kunduchi au ya Mambrui, na bakuli za China zilizopachikwa humo, hahitaji mkalimani mbele ya kuta hizo. Watu wa pwani mbili zisizojuana waliona jambo lilelile: chombo kizuri kilichovuka bahari hakistahili kuliwa ubwabwa tu, kinastahili kuonekana na kila apitaye.

Kisha yupo Leonardo wa Pisa, ambaye wengi humwita Fibonacci. Baba yake aliwasimamia wafanyabiashara wa Pisa katika bandari ya Bugia, iliyo Algeria ya leo, na huko ndiko kijana alikofundishwa tarakimu za Kihindi walizozitumia Waarabu. Mwaka 1202 aliandika Liber Abaci, kitabu kilichosaidia kuzieneza tarakimu hizo Ulaya. Neno la Kiarabu sifr, ambalo Mswahili hulitamka sifuri, yeye aliliandika kwa Kilatini zephirum, na kutokana nalo Wataliana wakapata zero yao. Sanamu yake imo ndani ya Camposanto, makaburi ya kale yaliyo ubavuni mwa uwanja ule ule wa mnara. Mswahili anayesimama mbele yake amesimama mbele ya mtu aliyesoma chuo kimoja na babu zake. Lakini mwenye saa moja haingii Camposanto. Saa yake imekwisha kwenye foleni ya picha.

Haya hayasemwi ili kuipamba Pisa. Pisa haikuwa malaika. Maandishi yaliyochongwa kwenye uso wa kanisa lake kuu yanajisifu waziwazi kwamba nyara zilizotekwa Palermo katika karne ya 11 ndizo zilizogharimia ujenzi, na mwaka 1087 majahazi yake yalishiriki kuushambulia na kuupora mji wa Mahdia, Tunisia. Dante aliuchukia mji huu hata akautakia, katika Jahanamu yake, mto Arno uwazamishe watu wake wote, kwa sababu ya watoto wa Ugolino waliofungiwa mnarani pamoja na baba yao wakafa kwa njaa. Walakini chuki ya Dante ilikuwa na ujuzi ndani yake. Alijua jina la mto, la mnara na la maiti. Mapenzi ya mwenye saa moja hayajui hata jina la mto.

Hoja ya pili ni kwamba siku ni chache na fedha ni ngumu. Hii ni hoja ya kweli, na kwa hiyo ndiyo inayostahili kujibiwa kwa hesabu. Anayeigawa wiki moja kwa miji minne huitumia sehemu kubwa ya wiki hiyo akiburura sanduku. Hulipa nauli nne, hutafuta vyumba vinne, na kila mji humwachia asubuhi moja ya uchovu. Anayekaa mahali pamoja hulipa nauli moja. Na Pisa ni mahali pa kukaa: uwanja wa ndege uko karibu kabisa na mji, Lucca iko nusu saa kwa treni, Firenze kiasi cha saa moja. Basi mpango na upinduliwe. Mtu na alale Pisa, na Firenze ndiyo ipewe matembezi ya siku.

Apange nyusiku nne. Aepuke Agosti, mwezi wa joto na msongamano; achague masika ya kwao au vuli, au, akiweza, tarehe 16 Juni, mkesha wa Mtakatifu Ranieri, ambapo taa ndogo za moto huwashwa kwenye kuta za majumba kando ya mto na maji yakawa mji wa pili. Siku ya kwanza asiende mnarani kabisa. Stesheni iko kusini mwa mto na mnara uko kaskazini, na baina yao ndiko ulikokaa mji: na atembee kwa miguu, avuke Arno kwa Ponte di Mezzo, akitazame kikanisa cha Santa Maria della Spina, ambacho mwaka 1871 kilibomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa tena juu zaidi ili maji yasikimalize. Apite mitaa ya wanafunzi, maana hapa pana chuo kikuu tangu 1343. Aione nyumba ambamo Leopardi, aliyekuja mwaka 1827 akiwa mgonjwa na akiwa ameacha takriban kutunga mashairi, aliandika mwaka 1828 shairi lake la A Silvia. Mji huu ulimrudishia mshairi sauti yake. Ulihitaji miezi, si saa.

Siku ya pili ndiyo ya uwanja, asubuhi mapema, kabla ya mabasi. Siku ya tatu ni ya San Matteo na ya makumbusho ya merikebu za kale, yaliyofunguliwa mwaka 2019, ambamo zimehifadhiwa merikebu za zama za Warumi zilizofukuliwa tangu 1998 karibu na stesheni ya San Rossore. Siku ya nne achukue basi au baiskeli kuelekea baharini. Njiani lipo kanisa la San Piero a Grado, lililojengwa mahali ambapo, kwa mapokeo, Mtume Petro aliteremka chomboni. Leo pamezungukwa na mashamba. Hapo ndipo msafiri anapofahamu kisa cha Pisa chote: kwamba mto ulileta mchanga na tope karne baada ya karne, pwani ikasogea, bandari ikafa, na dola ya bahari, iliyokwisha kuvunjwa mgongo na Genova katika vita vya Meloria mwaka 1284, ikabaki mji wa bara wenye kumbukumbu za chumvi. Kilomita chache mbele, Marina di Pisa, bahari bado ipo. Yule wa saa moja alikuwa nayo karibu hivi, asijue.

Hoja ya tatu ni nyepesi, ila ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: wenyeji wenyewe ndio wanaouza vinara vya plasta, basi wa nje ana uchungu gani? Waswahili wana jibu la kale. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa saa moja hamponyi mtu. Hali chakula cha jioni, halali, hanunui kitabu, hajifunzi salamu. Huujaza uwanja mmoja hata wenyeji wakaukimbia, na mitaa mingine yote huiacha kama haipo. Kuwa mwenyeji amejifunza kuuza kile kidogo anachotakiwa si dalili kwamba hana kingine. Ni dalili kwamba hajaulizwa.

Na hapa ndipo neno hili linaporudi visiwani, kwa haki ya historia na si kwa kulazimishwa. Mwaka 1298, ndani ya gereza la Genova, mfungwa mmoja wa Venezia alimsimulia mfungwa mwenzake habari za safari zake, na mwenzake akaziandika. Msimulizi ni Marco Polo. Mwandishi ni Rustichello, mtu wa Pisa. Katika kitabu chao imo Zanzibar, na Zanzibar hiyo ni kisiwa cha mzunguko wa maili 2,000, chenye watu wakubwa kama majitu. Mkono wa Mpisa ndio ulioyaandika hayo, naye hakuwahi kukanyaga hapo. Na Polo mwenyewe haaminiki kuwa alifika. Wasomi wa pwani wameyacheka maneno hayo mara nyingi, na wana haki.

Lakini leo wako wana wa visiwani wenye uwezo wa kwenda Italia, ama kwa mali zao, ama kwa mwaliko wa watoto walioko Ulaya. Ndio haohao wanaolalamika, na kwa haki, kwamba mtalii hukaa wiki nzima ufukweni, kisha Mji Mkongwe, uliowekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, hupewa nusu siku na picha ya mlango. Wakifika Pisa, iliyomo katika orodha hiyo tangu 1987, hunyoosha mikono hewani. Wanaandika Pisa kama Rustichello alivyoandika Zanzibar, na tofauti ni moja tu: yeye alikuwa kifungoni, wao wako huru.

Huo mnara wenyewe ungewafundisha, lau wangeuuliza. Ulianza kujengwa mwaka 1173, ukaanza kuinama ungali mfupi, na kazi ikasita kwa karibu miaka 100. Wahandisi wanaamini kwamba kusita huko ndiko kulikouokoa, kwa kuwa ardhi laini ilipata muda wa kushikana. Lau wangeujenga mfululizo, ungeanguka. Ulipofungwa Januari 1990 kwa kuhofiwa maisha ya watu, hawakuusukuma wala hawakuuvuta kwa nguvu. Walichimba udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, ule uliokuwa juu, mpaka ukarudi nyuma kwa kiasi cha sentimita 45, na mwishoni mwa mwaka 2001 ukafunguliwa tena.

Mara mbili mnara huu umeokolewa na watu waliokubali kungoja. Chini yake, kila siku, wanasimama watu wasioweza kungoja, wamenyoosha mikono, wakijidai kwamba wao ndio wanaouzuia usianguke.