Cherehani ya Mama Isiuzwe kwa Kilo

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, jirani yangu mmoja hapa Temeke alibisha hodi jioni, ameshika shati jeupe la mwanafunzi. "Kaka," akaniambia, "hebu tazama mambo haya." Juu mshono ulikuwa umenyooka, chini ulijaa vitanzi vya uzi mithili ya kiota cha ndege. Alikuwa amekwisha kupokea malipo ya awali ya mashati sita, na fedha yenyewe amekwisha kuinunulia kitambaa. Fundi aliyeitwa alikaza skrubu ya kikebe cha bobini mpaka uzi ukawa unakatika, kisha akatoa hukumu kwamba mashine imezeeka. Mnunuzi wa chuma chakavu naye alikwisha kufika na mizani yake.

Cherehani hiyo ni Singer nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, aliyoachiwa na marehemu mama yake. Namba iliyogongwa kwenye kitako chake huanza kwa herufi mbili, ya kwanza E, alama ya kiwanda cha Clydebank huko Scotland, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Mashine za aina hiyo ni chuma kitupu. Kufa kwake ni nadra. Aghalabu huwa chafu tu.

Ndugu msomaji, kasoro inayoonekana chini ya kitambaa mara nyingi chanzo chake kiko juu. Uzi wa juu hupita kati ya visahani viwili vidogo vinavyobanwa na springi, ili uweze kuuvuta uzi wa bobini hadi katikati ya unene wa kitambaa, na hapo nyuzi hizo mbili zikakumbatiana. Visahani vikishindwa kubana, uzi wa juu hulegea, ukashuka kupita kiasi na kujikunja chini. Basi anayekimbilia kuikaza bobini anamwadhibu asiye na kosa.

Tuliinua mguu wa kugandamizia kitambaa, kwa maana ukiwa juu visahani huachana, tukapitisha katikati yake kitambaa chembamba cha pamba. Kilitoka kipande cha uzi mwekundu pamoja na vumbi lililoshikamana. Ni kwa sababu hiyo hiyo uzi hutiwa mguu ukiwa juu. Ukiwa chini, uzi hukaa nje ya visahani.

Ilibaki kurekebisha kazi ya yule fundi. Kikebe chenye bobini ndani hushikwa kwa ncha ya uzi na kuachwa kining'inie. Hutakiwa kisianguke, lakini ukiutikisa mkono kidogo kishuke kidogo na kusimama. Skrubu hulegezwa kwa robo ya mzunguko au pungufu ya hapo, kisha unajaribu tena.

Tulibadili na sindano. Katika mashine hii bobini hukaa kushoto, kwa hiyo upande bapa wa kichwa cha sindano hutazama kushoto, nao uzi hupenyezwa kutoka kulia, upande wenye mfereji mrefu. Sindano ikigeuzwa, mshono hauji, hata ukeshe.

Jambo lililonisikitisha zaidi ni uzito wa gurudumu. Jirani yangu alikuwa akiipaka mashine mafuta ya alizeti! Mafuta ya kupikia hukauka yakawa kama gundi. Tulidondosha mafuta ya taa katika matundu yote ya kulainishia, mbali na jiko, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi tulizungusha gurudumu polepole kuelekea kwetu, tukapangusa uchafu mweusi uliotoka, ndipo tukatia mafuta mepesi ya cherehani, tone moja moja. Spiriti msithubutu kuitumia: huyeyusha vanishi na kung'oa nakshi zile za dhahabu ambazo ndizo fahari ya mashine. Mkanda wa ngozi uliokuwa ukiteleza tuliupunguza kidogo tu na kuubana upya.

Simdharau fundi. Sindano ikigonga chuma, au mashine ikiruka mishono hali sindano ni mpya na uzi umepita njia yake, mwiteni. Kuoanisha mwendo wa sindano na ule wa kifaa kinachonasa uzi chini yake si kazi ya kubahatisha kwa bisibisi ya jikoni. Lakini kwanza mwulizeni anakusudia kugusa nini, na kwa nini.

Jumatatu mnunuzi wa chuma chakavu alipita tena, mizani begani. Alikuta mashati manne yamekwisha kupigwa pasi. Alisimama kidogo mlangoni, kisha akauliza kama anaweza kutiwa kiraka suruali yake. Jirani yangu alimtoza bei ya kawaida.