Ujira wa Kutafuta Ubovu

Mtu anapoipeleka kompyuta yake kwa fundi katika mitaa ya Makanyagio, hapa mjini Mpanda, na kumweleza kwamba ameibonyeza swichi mara kadhaa na haikutoa taa, wala sauti, wala mzunguko wa feni, aghalabu hukumu hutolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa: madabodi imeungua. Maneno hayo mawili ni mazito kwa mfuko wa mwenye mali, maana madabodi, ubao mkubwa ambao viungo vingine vyote hupachikwa juu yake, ni miongoni mwa vitu vya ghali ndani ya kasha, na huku kwetu haipatikani dukani kila siku; huagizwa Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, ikaja kwa basi au ikazunguka na reli kwa njia ya Tabora na Kaliua, mwenye mali akihesabu siku. Ikiisha kufika na kufungwa, na mashine ikabaki kimya vilevile kwa sababu ubovu ulikuwa katika fyuzi ya plagi, hapana anayerudishiwa fedha yake.

Sina nia ya kuwatia mafundi wote katika lawama hiyo, kwani wapo waaminifu na wapo mahodari. Nadai kwamba hukumu hizi za haraka tunazizaa sisi wateja, kwa mazoea yetu ya kulipia kifaa bila kinyongo na kununa tunapotakiwa kulipia maarifa.

Kijana mwenye shauku nyingi na fedha haba hanunui kompyuta nzima; huikusanya. Kasha hulipata kwa ofisi iliyobadilisha vyombo vyake, pawa saplai, yaani kisanduku kinachoigawia mashine umeme, kwa muuza mitumba, RAM kwa rafiki aliyeko chuoni, na vyote hukubali kukaa pamoja kwa sababu tangu mwaka 1995, kampuni ya Intel ilipotoa kanuni ya maumbo iitwayo ATX, matundu ya skrubu na plagi za ndani vimefuata kipimo kimoja karibu dunia nzima. Urahisi huo una gharama yake: mashine iliyotoka katika mikono ya watu watano haina mdhamini hata mmoja, na siku inapokataa kuwaka, kila aliyetoa kiungo huapa kwamba chake kilikuwa kizima.

Uchunguzi wa kweli huanza ukutani, mbali na kompyuta yenyewe. Soketi hujaribiwa kwa pasi au taa inayojulikana kuwa nzima, na ekstensheni huondolewa njiani. Plagi ya miguu mitatu tuliyorithi kwa Mwingereza hufunguliwa na fyuzi yake ikapimwa, kwani fyuzi ile ikikatika haionyeshi dalili kwa nje. Halafu hutazamwa swichi ndogo iliyo nyuma ya pawa saplai, ambayo wengi husahau hata kuwa ipo, na katika pawa saplai za zamani hutazamwa pia ule ulimi mwekundu wenye namba mbili, 115 na 230. Mashine iliyotumika Marekani yaweza kuja ulimi ukiwa upande wa 115, ilhali umeme wetu ni wa volti 230. Mwenye kuichomeka bila kuugeuza husikia mlio mmoja tu, na hapo, kwa insafu, neno la kuungua huwa la haki.

Yakiisha hayo ndipo kasha lifunguliwe. Madabodi nyingi zina kitaa kinachowaka maadamu umeme unafika, hata kompyuta ikiwa imezimwa, kwa kuwa pawa saplai nzima hutoa volti 5 za akiba katika waya wake wa zambarau muda wote inapokuwa imechomekwa. Kitaa kikiwaka na swichi ya mbele isiitikie, mtuhumiwa wa kwanza ni swichi yenyewe au kijiwaya chake: fundi hukichomoa, akazigusanisha kwa ncha ya bisibisi zile pini mbili kilipokuwa, na mashine ikiamka amekwisha kupata jibu. Isipoamka, umeme hukatwa ukutani, plagi kubwa ya matundu 24 huchomolewa, na waya wake wa kijani huunganishwa na mmojawapo wa waya weusi. Umeme ukirudishwa na feni ya pawa saplai ikazunguka, basi ina uhai, ingawa uhai si afya, na ni mita itakayosema kama waya wa njano unatoa volti 12 kamili au unapungua. Kisha hufuata kazi ya subira, nayo ni kuvua kila kitu, kuilaza madabodi mezani juu ya kipande cha boksi ikiwa na prosesa, feni yake na RAM moja tu, na kurudisha kiungo kimoja baada ya kingine. Si ajabu mashine ikawaka pale mezani pasipo kubadilishwa kitu, ikafahamika kwamba kiguzo cha shaba kilichosahauliwa ndani ya kasha kilikuwa kikigusa mgongo wa madabodi mahali pasipostahili.

Tazama sasa malipo ya kazi hiyo. Nilikuwapo katika kibanda cha fundi mmoja kijana siku mama mmoja alipofuata kompyuta ambayo mwanawe, mwanafunzi wa kidato cha sita, aliiunda mwenyewe nyumbani.

“Tayari, mama. Ni elfu kumi tu.”

“Elfu kumi ya nini, mwanangu? Umebadilisha nini humo?”

“Sijabadilisha kitu. Waya wa swichi ulichomekwa kwenye pini za taa, nikaurudisha mahali pake.”

“Basi hukufanya kazi, baba. Shika elfu mbili, ukanywe soda.”

Kijana alizipokea. Lakini mtu aliyefanyiwa hivyo mara mbili tatu atajifunza kitu gani, ikiwa ana kodi ya kibanda na watoto wa kulisha? Atajifunza kuikalisha mashine siku nne ndani, kumwonyesha mteja madabodi kongwe yenye vumbi na kumwambia hii ndiyo iliyokufa, na kudai elfu themanini. Na sisi tutalipa bila kunung'unika, kwa sababu tumeona kitu cha kushika mkononi. Hospitali tunalipa ada ya kumwona daktari, tukalipa na kipimo cha malaria, na jibu likija kwamba hapana malaria hakuna anayedai kurudishiwa fedha; tunarudi nyumbani tukimshukuru Mungu. Sioni hoja ya kumnyima fundi wa kompyuta haki hiyohiyo.

Wako wanaousingizia umeme kila mara, na kwa mji ulioishi miaka mingi kwa mitambo ya dizeli kabla ya kufikiwa na njia ya kilovoti 132 kutoka Tabora, shutuma hiyo ina asili yake. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huweza kuua pawa saplai, na radi za masika zetu hazina huruma. Hata hivyo hiyo nayo ni dhana mpaka ithibitishwe, na uthibitisho una kazi yake na ujira wake.

Tukumbuke vilevile kwamba ufundi huu haujakaa sana kwetu. Baiskeli na redio zina mafundi waliofundishwa na baba zao. Kompyuta serikali yetu ilipiga marufuku kuingizwa nchini mwaka 1974, pamoja na televisheni, na nchi nyingine zikaendelea kuzizoea wakati sisi tunazisikia kwa mbali. Fundi wa Makanyagio aghalabu amejifundisha mwenyewe, kwa kuharibu na kutengeneza. Chuo cha VETA tunacho hapa Mpanda, na ningependa kuona wanafunzi wa fani hii wakitahiniwa kwa mashine zilizotiwa kasoro makusudi, fyuzi iliyokatika hapa, RAM iliyolegea pale, na maksi zitolewe kwa utaratibu wa kutafuta hata kama ubovu haukupatikana.

Nitaulizwa: je, fundi laghai hatachukua ada ya uchunguzi kutwa nzima bila kuchunguza? Atajaribu, bila shaka. Kwa hiyo ada hiyo itajwe kabla kompyuta haijafunguliwa, iandikwe ukutani ionekane, na uchunguzi ufanyike mbele ya mwenye mali kila inapowezekana. Anayesema madabodi imekufa amwonyeshe kwanza pawa saplai ikizunguka peke yake, na swichi ikipitwa kwa bisibisi, na asiyeweza kuonyesha hayo asilipwe. Tena ada isikatwe katika bei ya spea, kama wengine wanavyopendekeza kwa nia njema, maana ikiisha kumezwa ndani ya spea fundi amerudi kulekule, anapata riziki pale tu kitu kinapokufa.

Kiungo kimoja nakitoa katika hoja hii yote, nacho ni matumbo ya pawa saplai. Hayo yasichunguzwe na mtu ambaye hakusomea kazi hiyo, kwa ada yoyote, kwa sababu ndani yake mna kapasita zinazoweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani, nazo haziulizi aliyezigusa ni mwenye mali au ni fundi. Pawa saplai iliyoshindwa jaribio la waya wa kijani na mweusi ibadilishwe nzima, na nyaya zake zikatwe papo hapo mbele ya mteja. Nimeziona nyingine zilizohukumiwa asubuhi zikipanguswa vumbi jioni na kurudi katika meza ya mitumba.