Asili ya Nani, Mfalme Lear?

Ndugu msomaji, naomba unisikilize kabla hujanipiga mawe. Kila tunapokaa vijana tunaopenda vitabu na ile tamthilia ya Mfalme Lear ikatajwa, hukumu ni ileile: Goneril na Regan si watoto, ni wanyama, wamekwenda kinyume cha asili. Mimi nauliza: asili ya nani?

Shakespeare aliiandika mnamo 1605 au 1606, na neno hilo limejaa humo kama maji ya Kiwira wakati wa masika. Lakini tazameni wanaolitumia. Edmund, mwana wa nje ya ndoa, anaiita Asili mungu wake wa kike huku akipanga kumnyang'anya kaka yake urithi. Lear naye anamwomba mungu huyohuyo amfunge Goneril kizazi. Dua zote mbili ni za kuumiza. Mbona mmoja tunamwita mhuni na mwingine tunamlilia? Kwa sababu ana mvi?

Hapa kwetu Kyela tungepaswa kuwa wa kwanza kushtuka. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa na mumewe miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha 1951 jinsi wavulana wa miaka kumi hivi walivyohama kwa wazazi wakajenga kijiji chao na rika lao. Mke wa mtoto hakutakiwa hata kuonana na baba mkwe. Mwingereza akisikia atasema, watoto gani hawa wanaowakimbia baba zao? Kwetu ndiyo ilikuwa heshima. Na wakati wa ubusoka ukifika, wazee waliwaachia vijana utawala, wao wakasogea pembeni.

Lear je? Anagawa nchi, lakini anabaki na cheo na askari 100, eti wakae kwa mabinti kwa zamu. Jamani, askari 100! Mama gani wa Ipinda atawapikia wali kila siku asinung'unike? Sisemi Goneril ni mwema. Kumfungia mzee mlango usiku wa dhoruba ni uovu. Basi tuuite uovu. Tukisema "kinyume cha asili" tunafunga mjadala kabla ya kumuuliza aliyeanza: nani aliwapanga mabinti mbele ya watu, akapima mapenzi yao kwa ardhi?

Nina sababu ya kukasirika. Baba yangu mkubwa aliwagawia wanawe wa kiume mashamba ya mpunga akiwa hai. Binti yake hakupata hata jaruba moja. Mzee alipougua, wanawe hawakumtazama. Kikao cha ukoo kikasema, "Watoto hawa si watu." Sawa. Lakini aliyemchemshia uji na kumwogesha alikuwa yuleyule binti, na hakuna aliyesema kwamba kumnyima ni kinyume cha asili. Nilipouliza nikaambiwa shule imeniharibu. Kwani Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayompa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, nayo imeharibiwa na shule?

Waingereza wenyewe iliwashinda. Mwaka 1681 Nahum Tate aliibadili tamthilia, Cordelia akabaki hai na kupata mchumba, na majukwaa yao yakaing'ang'ania hiyo kwa zaidi ya miaka 100. Walitaka kulala usingizi. Lakini ukweli wa hadithi uko palepale walipoufuta: aliyenyimwa ndiye aliyerudi, na ndiye aliyelipa.

Vijana wenzangu mnaoandika, tuache kuazima hukumu. Mhusika akiitwa si mtu, ulizeni kwanza shamba ni la nani. Mimi riwaya yangu, Mungu akipenda, nitaianzia hapo: jikoni kwa binti asiye na jaruba, uji uko motoni, na kikao kinaendelea nje bila yeye.